Magunia ya simu mbovu hapa Mwanga, Kigoma: nani anachukua vyote, pamoja na betri?

FundiWaMwanga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, jirani na soko, na huu ni mwaka wa 11 nipo kwenye meza moja. Naomba mawazo yenu, maana jambo hili limenizidi kimo.

Jumapili nilifunga kibanda mapema, nikashusha mzigo ninaouhifadhi juu ya dari nyumbani. Magunia matatu. Nilikaa chini na binti yangu tukahesabu mpaka giza likaingia. Simu 412: vitochi (simu ndogo za batani) 287, simu janja 125. Betri zilizo peke yake 530, na kati ya hizo 61 zimevimba. Chaja, waya na earphone sikuweza kuzihesabu, nikazipima kwenye mzani wa jirani muuza mchele. Kilo 38.

Asiyeijua kazi hii atauliza zimetoka wapi. Mteja analeta simu imeingia maji, unamtajia bei ya kioo na mfumo wa chaji, anapiga hesabu anaona bora aongezee kidogo anunue nyingine. Anasema, "Fundi, kaa nayo utatoa spea." Spea unatoa kweli: spika, maiki, kamera, batani. Baada ya hapo linabaki ganda, madabodi (bodi kuu yenye saketi) iliyoungua na betri. Na wale waliokuwepo mwaka 2016 watakumbuka Juni 16, simu bandia zilipofungiwa mtandao nchi nzima. Majuma yale nilipokea simu zinawaka, zinapiga redio, tochi inamulika, ila mtandao hazishiki. Watu waliniachia mezani bila hata kuuliza bei.

Sijawahi kutupa hata moja. Si kwamba nilikuwa na mpango. Nilikuwa nikiitazama betri mkononi nashindwa kujua niitupe wapi.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili, wananunua madabodi kwa kilo. Bei yao haikuwa mbaya, nakiri. Nikawafungulia gunia moja. Wakaanza kuvunja simu palepale kibarazani: madabodi huku, ganda kule, betri wanarusha pembeni. Nikawauliza, betri je? Wakasema hawachukui. Na chaja? Hawachukui, labda waya wenye shaba. Nikauliza hizi nyingine nifanyeje. Mmoja akanijibu, "Tupa tu, mzee, mvua itabeba."

Mvua itabeba mpaka wapi? Anayeishi Kigoma anajua mvua inabeba mpaka wapi. Mji wetu umekaa mteremkoni, kila korongo linashuka ziwani, na maji tunayokunywa bombani yanavutwa kutoka ziwa hilohilo. Nikafunga gunia, nikawarudishia hela yao.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Yupo mtu, kampuni au ofisi inayochukua vyote kwa pamoja, chema na kibaya? Kwa sababu mimi naona anayechukua madabodi akaacha betri hajanipunguzia mzigo. Amechukua faida, ameniachia sumu.

MwishoWaReli

Nafuatilia kwa karibu sana. Mimi nina droo nzima nyumbani, simu saba na chaja sijui ngapi. Kila tukihama nyumba tunahama nazo.

ShabaGungu

Fundi, pole na hongera kwa moyo huo. Mimi ni mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Gungu, nisijifiche. Naomba niseme upande wetu ili mjadala uwe wa haki.

Kinachonunuliwa ni kile kinachouzika mbele. Shaba inauzika, alumini inauzika, madabodi siku hizi yanauzika. Betri ya gari inauzika vizuri kwa sababu ya metali ya risasi iliyomo ndani. Betri ya simu haina mnunuzi huku, na nikikaa nayo kwenye ghala naogopa moto. Mwaka juzi betri moja iliyojificha ndani ya rundo la mabati ilianza kutoa moshi tulipokuwa tunapakia. Tuliwahi kwa sababu ilikuwa mchana.

Kuhusu waya, kuna kitu wengi hawajui. Vijana wanachoma waya wa chaja wakidhani wanaokoa muda. Shaba iliyopita motoni inatoka nyeusi na inakatika ovyo, huko mbele inashushwa daraja na bei yake inapungua. Iliyomenywa kwa kisu ikabaki nyekundu ndiyo yenye bei. Mimi nalipa bei mbili tofauti, na bado wanachoma, kwa sababu waya za chaja ni nyembamba mno, kuzimenya ni kazi ya siku nzima kwa kilo moja.

MwalimuUjiji

Nafundisha kemia sekondari, nitajitahidi kutoifanya darasa.

Naanzia kwa wanaochoma, maana wengi wao ni watoto na baadhi nawafundisha. Ganda la waya ni plastiki yenye klorini. Ikiungua kwa moto hafifu wa matairi na karatasi, tena shaba ikiwa pale inachochea, zinazaliwa sumu ziitwazo dioksini. Hizo haziishi moshi ukiisha. Zinatua kwenye majani na udongo, kuku anadonoa, zinakaa kwenye mafuta ya yai lake na ya mwili wetu kwa miaka. Kwa hiyo anayechoma waya nyuma ya nyumba amewalisha majirani bila wao kujua.

Vitochi vya zamani vina risasi kwenye ulehemu. Ulaya walizuia risasi kwenye vifaa vipya kuanzia Julai 1, 2006, na watengenezaji wengi wakubwa wakafuata, lakini gunia la fundi lina vitu vya kila umri na kila asili. Kwa mtoto, risasi inaharibu ubongo hata ikiwa kidogo; Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama.

Betri ya lithiamu ni jambo jingine. Ndani kuna karatasi mbili za metali zimekunjwa pamoja, ya alumini imepakwa mchanganyiko ambao mara nyingi una kobalti, ya shaba imepakwa grafiti, na katikati utando wa plastiki mwembamba kuliko karatasi ya daftari, umeloweshwa kimiminika kinachoshika moto. Utando ukitoboka pande mbili zinagusana, joto linapanda, na joto hilo linaleta joto zaidi. Moshi wake una floridi ya hidrojeni, inaunguza mapafu. Kuvimba kwa betri ni gesi iliyokwisha kuzaliwa ndani, kwa hiyo zile 61 za fundi ziko njiani.

Na niseme hili kwa uchungu kidogo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, huko Kolwezi na maeneo yake. Sisi ni majirani wa Kongo, tunatazamana nayo ng'ambo ya ziwa. Madini yanatoka pale kama udongo, yanazunguka mpaka Asia, yanarudi Kigoma ndani ya simu, halafu tunayazika korongoni. Mtu mwingine anashuka shimoni kuchimba mengine.

KijanaNzega

Mwalimu, asante kwa somo, lakini nina swali la kweli. Mimi nipo Nzega, nimefanya kazi machimbo ya dhahabu. Madabodi yana dhahabu, hilo linajulikana. Kwa nini fundi asiitoe mwenyewe? Zebaki ipo, tindikali inapatikana. Atapata hela ya kusafirisha hizo betri.

MwalimuUjiji

Swali zuri, wacha tupige hesabu pamoja.

Shirika la mazingira la Marekani linatoa makadirio kwamba simu milioni moja zinaweza kutoa shaba tani kama 16, fedha kilo 350, dhahabu kilo 34 na paladiamu kilo 15. Gawa: simu moja ni miligramu 34 za dhahabu. Simu 412 za fundi ni gramu 14. Kwenye karatasi ni hela, sikatai.

Lakini gramu 14 hizo ni za kiwanda kikubwa kinachoyeyusha madabodi kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na kutenganisha metali moja moja, moshi wote ukiwa unachujwa. Kipo kimoja Hoboken, Ubelgiji, kinatoa metali 17 kutoka kwenye takataka za namna hii. Nyumbani huwezi. Dhahabu ya simu haipo kama chenga za machimbo. Imepakwa juu ya viunganishi kama rangi, na nyingine ni nyuzi nyembamba kuliko unywele ndani ya vipande vyeusi vya saketi. Zebaki haizifikii. Utahitaji tindikali mbili kali zichanganywe, mvuke wake ni wa rangi ya kahawia, na ukiuvuta unaweza kujisikia mzima jioni ukafa usiku mapafu yakiwa yamejaa maji. Utapata ile ya juu juu tu. Halafu una ndoo ya tindikali yenye shaba, risasi na nikeli. Utaimwaga wapi?

Ndugu yangu wa Nzega, naomba sana, usimfundishe mtu hili.

KijanaNzega

Nimeelewa, mwalimu. Niliuliza kwa sababu kuna mtu huku ameanza. Nitamwonyesha maelezo haya leo.

NeemaUvinza

Nimesoma kuhusu zile betri zilizovimba mikono ikanitetemeka. Mwanangu wa miaka tisa alipata betri ya namna hiyo jalalani, akataka kuona kuna nini ndani. Alitumia kisu cha jikoni. Nilisikia mlio kama mafuta yanayokaanga, nikakuta ameshika mkono anapiga kelele na godoro linaungua. Vidole viwili mpaka leo havikunji vizuri.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba betri ya simu inaweza kufanya hivyo. Hakuna. Ningejua ningemwonya kama ninavyomwonya kuhusu jiko.

FundiWaMwanga

Pole sana mama Neema. Pole sana. Mungu amponye mtoto.

Ngoja niandike ninavyozihifadhi, na mwenye kujua zaidi anisahihishe. Nilijifunza mengine kwa kuungua mwenyewe.

Kwanza natenganisha kwa mita. Betri ya simu ikijaa inasoma volti 4.2, ikiwa na nguvu ya kawaida ni 3.7 hivi. Iliyoshuka chini ya volti 2 ikakaa hivyo muda mrefu, siichaji tena na wala siibusti, yaani siisukumii umeme wa moja kwa moja ili iamke. Mafundi wenzangu, tuwe wakweli, wengi tunaibusti betri iliyokufa ili mteja aondoke akiwa na furaha. Ikishuka kiasi hicho shaba ya ndani inaanza kuyeyuka na kujenga njia ya shoti. Unamrudishia mteja kitu kitakachowaka chini ya mto.

Nzima naziuza upya kwa bei ndogo, hasa zile za Nokia za BL-5C. Hizo hazifi njaa: ukiacha vitochi, redio nyingi ndogo za sokoni zinatumia betri hiyohiyo, na mkulima wa Kalinzi anafurahi kuipata. Lakini hata hizi si za kuamini kwa jina tu. Mwaka 2007 Nokia wenyewe walitangaza kwamba BL-5C milioni 46, zilizotengenezwa kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji, wakajitolea kuzibadilisha. Leo bandia zake zimejaa kila duka. Naiweka mezani, naizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia ya watoto, tumbo limeanza kutoka, siiuzi.

Mbovu nabandika selotepu kwenye meno ya shaba, kila moja, ili zisigusane. Nazipanga kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, tabaka la mchanga, tabaka la betri. Zilizovimba zina ndoo yake, nje ya nyumba, kivulini, kifuniko hakibanwi ili gesi isijifunge ndani. Siziloweki kwenye maji ya chumvi kama wengine wanavyofanya, kwa sababu zinaoza na yale majimaji yanakuwa sumu nyingine ya kumwaga. Ikianza kutoa moshi, toa watu kwanza, usiuvute ule moshi, halafu maji mengi kutoka mbali. Mchanga unazuia moto usisambae lakini joto linabaki ndani, inaweza kuwaka tena.

Na jamani, betri iliyovimba msiitume kama parseli ya basi. Chini ya ile sakafu kuna mizigo, juu kuna watu.

MamaDagaaKibirizi

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mkaushaji wa dagaa Kibirizi. Simu sina la kusema sana, ila mmegusa betri, na huku betri ni nyingi kuliko huko mjini kwenu.

Zamani vipe (vyombo vya kuvulia dagaa) na mitumbwi ilivua kwa karabai. Sasa ni taa za sola na taa za betri, kila mtumbwi una taa kadhaa, na ndani ya kila taa kuna betri, nyingine kubwa nyingine zile za duara kama za pawabenki. Zikifa usiku katikati ya maji mvuvi anafanya nini? Anaifungua, anaweka nyingine, ya zamani inaenda majini. Nimeona kwa macho yangu. Wanangu wenyewe wamefanya hivyo na nimewagombeza.

Hili ziwa ni refu kwenda chini, watu wanadhani kikizama kimeisha. Mwalimu aseme.

MwalimuUjiji

Marahaba, mama, na asante kwa kulileta hili.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu, la pili duniani. Lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji mengi linayoyapoteza ni yale yanayopanda juu kama mvuke. Mvuke haubebi metali. Kinachoingia humu kinakaa kwa mamia ya miaka. Mto Luiche unaweza kujisafisha mvua mbili tatu zikipita. Ziwa hili haliwezi.

MamaDagaaKibirizi

Basi mimi nina wazo, nisikilizeni. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa pevu, taa haivuti samaki. Siku hizo mitumbwi yote iko ufukweni, watu wanashona nyavu. Fundi akija na ndoo yake ya mchanga siku hizo, mimi nitasimama mwaloni nimwitie watu. Wakiwa kwenye giza la mwezi huwapati, wamelala mchana, usiku wako majini. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, taa zilikaa majumbani miezi mitatu. Nyingi zilivimba zikiwa stoo. Kipindi kama hicho ndicho cha kuzikusanya.

FundiWaMwanga

Mama, nitakuja. Nashukuru sana. Mbalamwezi ijayo nipo.

WaKibondo

Wakuu, kwa nini mzigo kama huu ufikiriwe kupelekwa Dar, zaidi ya kilomita elfu moja? Rwanda, pale Bugesera, kuna kiwanda cha kurejeleza taka za elektroniki. Kutoka Kibondo unapita Kakonko, Ngara, Rusumo, umevuka. Ni karibu mara nyingi zaidi.

MzeeKatubuka

Kijana wa Kibondo, kwenye ramani uko sahihi. Mpakani utakwama. Nimefanya kazi za mazingira serikalini kabla ya kustaafu, naeleza ninachokijua.

Nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Basel tangu 1993. Huo unasema taka za hatari hazivuki mpaka wa nchi hadi nchi inayotuma iijulishe inayopokea, na inayopokea ikubali kwa maandishi. Kuanzia Januari 1, 2025, utaratibu huo umepanuliwa, unagusa taka zote za umeme na elektroniki, hata zisizo za hatari. Kwa hiyo gunia la simu mbovu begani, Rusumo, ni kosa, hata kama nia yako ni njema kuliko za wote.

Ndani ya nchi kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021. Anayekusanya, anayesafirisha, anayehifadhi na anayerejeleza anatakiwa awe na kibali. Kibali kinapitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Hao vijana wawili waliovunja simu kibarazani kwako, fundi, ungewauliza kibali.

Ushauri wangu: usitafute mtu wa kukuchukulia wewe peke yako. Gunia tatu hakuna atakayezifuata mwisho wa reli. Mafundi mkusanyike, mpate uzito wa kueleweka, ndipo mumwite mwenye kibali aje na masharti yenu.

ShabaGungu

Mzee amesema. Mimi ghala ninalo, lakini kibali changu ni cha vyuma, si cha hivi. Nitaenda kuulizia. Na kuanzia wiki hii waya uliochomwa siununui. Naandika hapa mbele yenu ili mnibane.

FusoLaKasulu

Nina gari linakwenda Dar na dagaa na mawese karibu kila wiki. Kona moja ya magunia haiwezi kunishinda, bure kabisa kwa ajili ya ziwa.

MzeeKatubuka

Mwanangu, moyo wako ni mzuri, ila na chakula hapana. Betri moja ikivuja juu ya mawese umewadhuru watu usiowajua, na ikiwaka njiani Kazilambwa hapo hakuna zimamoto. Usafirishaji wake nao una kibali chake.

FundiWaUjiji

Mimi ni fundi wa Ujiji, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina ndoo mbili. Tupo wangapi?

DadaWaKasulu

Naomba kuuliza, huenda nipo nje ya mada. Mnasema watu watoe simu zilizokufa. Ninayo ya marehemu mama. Haijawaka tangu 2019. Ndani kuna sauti yake, alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa nikiwa chuoni, na picha za mwisho. Siwezi kuitoa. Nadhani simu nyingi zilizo kwenye madroo ziko hivyo, watu hawatunzi takataka.

FundiWaMwanga

Dada, upo ndani kabisa ya mada. Na mimi sikulifikiria hilo mpaka ulipoandika.

Mara nyingi simu inakufa kwenye mfumo wa chaji, au betri, au kioo, na kumbukumbu yenyewe iko salama kwenye kipande kidogo pembeni. Ikiwaka hata dakika kumi tunahamisha vitu. Tukiokoa sauti ya mama, ganda ni lako uamue. Ukitaka kubaki nalo, toa betri tu. Hiyo betri isikae kabatini.

Wengine mnaotoa simu zinazowaka: toeni laini, toeni memori kadi, ondoeni akaunti ya Google kwanza, ndipo mfute kila kitu na kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Usipoondoa akaunti, anayeweza kuitumia tena hataweza kuifungua, na simu nzima inakuwa taka bure. Kwa simu isiyowaka, mwambie fundi mbele yako atoe kile kipande cha kumbukumbu. Ni haki yako kukiona kikivunjwa.

MwishoWaReli

Wajapani walitengeneza medali zote za Olimpiki za Tokyo kutokana na vifaa walivyokusanya kwa wananchi kati ya 2017 na 2019, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6. Mdogo wangu alisoma huko. Anasema masanduku yaliwekwa kwenye maduka ya simu na ofisi za serikali za mitaa, pale mtu anapopita kila siku. Sisi tungeweka wapi?

NeemaUvinza

Shuleni, lakini si sanduku la betri. Watoto watazichezea. Shuleni yapelekwe maelezo, ndoo ikae kwa fundi.

FundiWaMwanga

Mrejesho, wakuu. Wiki ya tano tangu nianzishe uzi.

Tumekuwa mafundi tisa: Mwanga watano, Ujiji wawili, Gungu mmoja, Katubuka mmoja. Tumepima kwa mzani wa ShabaGungu, jumla kilo 346 pamoja na betri na chaja. Mbalamwezi imenikuta Kibirizi na MamaDagaa, siku mbili, betri za taa kilo 52 peke yake. Wavuvi wengine walikuwa na betri za gari, hizo tumewaelekeza kwa mnunuzi wake.

Nimezungumza na watu watatu wa Dar wanaokusanya. Wa kwanza alitaka madabodi tu. Wa pili alipoulizwa kibali akakata simu. Wa tatu ametuma nakala, MzeeKatubuka ameipeleka kuhakikishwa, ni halali. Huyo anachukua vyote. Madabodi analipa kwa kilo, betri anakata gharama yake humohumo, kwa sababu kuzisafirisha na kuzipeleka zinakorejelezwa ni hela yake. Kinachobaki kwetu ni kidogo, kama theluthi ya ile bei waliyonipa wale vijana kibarazani. Wenzangu wawili wamejitoa kwa sababu hiyo. Sikuwalaumu, wana watoto.

Anataka tani moja ndipo alete gari lake lenye kibali. Tuna kilo 398. Zimebaki 602.

ShabaGungu amefuatilia kibali cha kuhifadhi, bado hajajibiwa. Mpaka apate, kila fundi anabaki na ndoo zake. Mtu yeyote Kigoma mjini, Kasulu, Uvinza, aandike hapa ana kilo ngapi, kilo za madabodi ziandikwe pamoja na za betri zake. Madabodi yaliyotengwa hatupokei.

DadaWaKasulu

Fundi, nakuja Kigoma Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nije nayo?

FundiWaMwanga

Njoo nayo, dada. Usijaribu kuichaji kabla. Ikague mgongoni: kama kifuniko kimeinuka, itoe betri, bandika selotepu kwenye meno yake, uiache huko kwa fundi wa jirani mwenye ndoo ya mchanga, usipande nayo basi. Simu yenyewe izungushie kitambaa. Kibanda kiko upande wa kushoto ukitokea sokoni, kina mlango wa bluu. Jumamosi sitachukua kazi nyingine mpaka nimalize yako.